Mapito Thelathini na Saba

Mashine ya Mzani ilimaliza kukokotoa Jumanne asubuhi, saa nne kasoro robo, na Sekela Mwalwega akasogeza kiti karibu na kioo chake ili asome majibu. Alikuwa ofisa mipango miji wa Halmashauri ya Mji wa Ikombwe, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mpole wa maneno, mwenye mwandiko uliowafanya makarani wachanga waone haya. Kazi yake asubuhi hiyo ilikuwa moja tu: kuona kama ombi la Ushirika wa Makazi wa Bondeni lilifaa kupelekwa mbele ya kamati.

Waliomba kujenga majengo manne ya ghorofa sita kwenye kilima cha Lubwe. Yaliitwa A, B, C na D, na kila moja lingechukua familia sabini na mbili. Waombaji wote waliishi katika bonde la Mto Nsalu: wafua nguo wa hospitali, wachomelea vyuma, wauza viazi, wafagia barabara. Bonde lile lilifurika karibu kila mwaka, na ni mara chache maji yalipopungua bila kuondoka na mtu.

Siku hizo hakuna jengo la ghorofa lililoruhusiwa bila kupitishwa kwenye Mzani. Mashine ililishwa vipimo vya udongo, kumbukumbu za mvua za miaka mia, madaftari ya zahanati, mabomba, barabara, na watu wenyewe waliotarajiwa kuhamia, majina yao yakiwa yamegeuzwa namba. Kisha iliyaishi maisha ya jengo hilo kwa miaka arobaini, kutoka siku ya kufungua milango mpaka siku ya kuchakaa. Ilifanya hivyo mara elfu moja, kila mara mvua na bahati vikibadilika kidogo. Kila mara moja iliitwa pito. Ofisa alisoma mapito yote elfu, akaandika wastani wake kwenye ukurasa mmoja, na ukurasa huo ndio uliosomwa na madiwani.

Majengo A, B na C yalikuwa safi. Watoto walikua, homa zilipungua, wazee walilalamika juu ya ngazi. Sekela akafungua Jengo D.

Alilisoma mara mbili. Kisha akachapa kurasa tatu na kwenda kugonga mlango wa mkuu wake wa idara, Bwana Kalinga.

"Thelathini na saba," alisema, akiziweka kurasa mezani.

Kalinga alikuwa mtu mzima aliyebakiza miaka miwili kustaafu, na hakuwa na tabia ya kuharakisha jambo. Alivaa miwani. "Kikomo ni arobaini katika elfu."

"Kikomo nakijua, mkuu. D limekaa juu ya korongo la zamani. Watu wa barabara walilifukia kwa vifusi wakapanda majani, kwa hiyo juu huoni kitu. Kuanzia mwaka wa tisa, mvua ikikaa siku ishirini bila kukatika, vifusi vinateleza na jengo linakwenda navyo. Katika hayo mapito thelathini na saba, wanakufa watu sitini. Katika mengine wachache zaidi, katika mengine zaidi."

"Haliwezi kusogezwa?"

"Nimejaribu. Juu ni msitu wa hifadhi, chini ni bomba kuu la maji ya mji. Kiwanja kinaishia hapo."

"Na wakibaki bondeni?"

Sekela alijua swali hilo lingekuja. "Familia hizo sabini na mbili, kwa miaka arobaini ileile, wanakufa watu mia moja na kumi na wawili. Wa maji, wa kipindupindu, wa moshi wa ndani."

"Katika mapito mangapi?"

"Mia tisa tisini na moja."

Kalinga alivua miwani, akaikunja. "Basi hesabu imejisemea yenyewe. Andika wastani, peleka kwenye kamati. Huo mkia uache kwenye faili."

Mkia ndilo neno walilotumia wenyewe kwa wenyewe: mapito machache mabaya yaliyoburuzwa nyuma ya mengi mazuri. Kifungu cha kumi na nne cha Sheria ya Makadirio kilikataza kabisa mkia usiofika kikomo kutajwa mbele ya umma. Ofisa aliyeutaja alinyang'anywa leseni.

"Wangependa kujua," Sekela alisema.

"Sekela." Kalinga hakupandisha sauti. "Wewe katika watu wote."

Sekela alichukua kurasa zake akarudi mezani kwake.

Miaka tisa nyuma, kabla ya sheria hiyo, alikuwa ofisa katika mji mdogo wa Itumbwe. Kulikuwa na nyumba kama hizi, na mkia kama huu, mfupi zaidi. Alisimama mbele ya wananchi akausema, kwa kuwa aliona ni haki yao. Walizikataa nyumba. Mvua ya pili baada ya hapo mto ukachukua watu kumi na tisa wa mtaa uleule. Tume iliundwa, ripoti ikaandikwa, kifungu cha kumi na nne kikapatikana. Kwenye ripoti Sekela hakutajwa kwa jina. Aliitwa "ofisa mhusika".

*

Kanuni zilitaka tangazo la kikao libandikwe kwa mkono kwenye mlango wa kiongozi wa waombaji. Alhamisi Sekela akateremka bondeni na gundi yake kwenye kopo.

Kiongozi wa ushirika alikuwa Mama Tupokigwe Mwakabuta, mfua nguo wa hospitali, mjane wa miaka sitini na moja, mwenye mikono iliyochunika vidole kwa sabuni. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi. Ukutani, kando ya mlango, kulikuwa na mistari ya mkaa iliyopanda juu kama ngazi, kila mmoja na mwaka wake, kuonyesha maji yalifika wapi. Wa juu kabisa ulikuwa usawa wa kidevu cha Sekela.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Bandika, bandika. Ukimaliza uingie, chai ipo."

Sekela angeweza kukataa. Aliingia. Akapewa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, na Mama Tupokigwe akaketi mkabala naye kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Tumeomba miaka sita," alisema mama. "Mara ramani, mara vipimo, mara mhandisi kahamishwa. Safari hii naona kama Mungu katugeuzia uso. Mimi nimeshaambiwa nitakuwa D, ghorofa ya pili. Nimeomba ghorofa za chini kwa ajili ya magoti."

Sekela alimenya kiazi pole pole.

"Dada yangu hakuwa na bahati hiyo," mama akaendelea. "Alikuwa ameolewa Itumbwe. Huko nako serikali iliwapa nyumba, lakini kuna ofisa alisimama mkutanoni akawaambia mashine imeziona zikianguka. Nani angehamia? Wakabaki. Mto ukaja ukamchukua Atupele, mumewe, na mjukuu wao aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea."

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa. Zamani nilikuwa nasema nikimwona ofisa yule nitamuuliza, hivi kweli hukuweza kunyamaza?" Alikung'uta makombo ya viazi kwenye khanga yake. "Halafu nikikaa peke yangu nasema, lakini Tupokigwe, ingekuwa wewe, si ungetaka kuambiwa? Basi nakwama hapohapo. Kunywa chai, inapoa."

Sekela akaimaliza chai yake. Ilikuwa tamu mno, lakini aliimaliza. Alipokuwa anapanda kilima kurudi ofisini, alipita kwenye kiwanja chenyewe. Majani yalikuwa mazuri, mabichi, yamesimama sawasawa. Alikanyaga mahali palipowekewa kigingi cha D. Palikuwa imara kama mahali pengine popote.

*

Kikao kilifanyika Jumatatu iliyofuata katika ukumbi wa halmashauri. Madiwani saba walikaa mbele, na katikati yao Mheshimiwa Gwamaka Mwakifuna, mwenyekiti wa kamati ya mipango miji, mfanyabiashara wa mbao aliyependa vikao viishe kabla ya chakula cha mchana. Watu wa bondeni walijaza viti na kusimama ukutani. Watu wa kilimani walikuwa kumi na mmoja, wamekaa pamoja upande wa dirisha.

Wa kilimani walisikilizwa kwanza. Mstaafu mmoja wa benki alieleza kwamba ghorofa zitamzibia jua analoanikia kahawa. Mwingine alihofia foleni ya maji, mwingine thamani ya kiwanja chake. Mwenyekiti aliwashukuru wote, kila mmoja kwa maneno yaleyale.

Kisha Sekela alisimama akasoma ukurasa wake mmoja. Wastani wa maisha, wastani wa magonjwa, wastani wa mahudhurio ya shule. Madiwani waliitikia kwa vichwa. Ilikuwa taarifa nzuri, na hapakuwa na neno la uongo ndani yake.

"Waombaji wana swali kwa ofisa?" aliuliza mwenyekiti. Lilikuwa swali la fomu, na kwa kawaida halikujibiwa.

Mama Tupokigwe alisimama. Alikuwa amevaa gauni la kanisani.

"Mheshimiwa, sina la kupinga. Nauliza tu ili kesho tusije tukaambiwa hatukuuliza. Mwanangu ofisa, katika yote uliyoyaona kwenye hiyo mashine, kuna unalolijua ambalo sisi hatulijui?"

Sekela alimwangalia yule mama, kisha akaangalia karatasi mkononi mwake. Baadaye, alipoulizwa na waliomfutia leseni ni kitu gani kilimsukuma, alisema hakusukumwa. Alikuwa ameulizwa, basi. Angeweza kunyamaza mbele ya mtu ambaye hakuuliza, lakini kumtazama mtu machoni akamwambia "hakuna" lilikuwa jambo jingine, na hakuliweza.

"Kuna," alisema.

"Ofisa," mwenyekiti akasema haraka. "Kifungu cha kumi na nne."

"Nakijua, Mheshimiwa. Kiliandikwa kwa sababu yangu."

Akawaeleza. Aliwaambia juu ya korongo na vifusi. Aliwaambia kwamba katika mapito elfu, Jengo D linaanguka katika mapito thelathini na saba, na wanaokufa ni kama sitini. Aliwaambia pia habari za bondeni: mia moja na kumi na wawili, karibu katika kila pito. Alizisema namba zote mbili kwa sauti moja, kama mtu anayeita mahudhurio. Mwisho akamgeukia Mama Tupokigwe. "Na mama, yule ofisa wa Itumbwe ni mimi. Ulipaswa kujua siku ile uliponipa chai."

Mama Tupokigwe aliketi. Alivuta khanga mabegani, akawa anaangalia mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake, na hakuinua macho tena mpaka kikao kikaisha.

Aliyesimama alikuwa Lwitiko Mwasandube, mchomelea vyuma, kijana wa miaka thelathini na mitatu mwenye kovu la cheche juu ya nyusi.

"Mama ofisa, mimi nimepangiwa D," alisema. "Nina mke na watoto wawili. Umesema thelathini na saba?"

"Katika elfu."

"Watu sitini."

"Ndiyo. Lakini bondeni..."

"Bondeni napajua. Bondeni nimezaliwa. Maji yakija nayasikia, napandisha watoto kwenye dari." Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayelinganisha bei za mabati. "Huko juu nitakuwa nimelala. Siwezi kupeleka wanangu kwenye nyumba ambayo serikali imeshahesabu maiti zake."

Watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja, na mwenyekiti akaahirisha kikao.

*

Barua ya kumfutia Sekela leseni ilikuwa na mistari mitatu. Kalinga aliileta mwenyewe, akasimama kidogo mlangoni, akasema, "Mwandiko wako tutaukosa," akaondoka.

Ushirika ulipiga kura. Familia mia mbili na kumi na tatu zilibaki, sabini na tano zikajitoa, Lwitiko akiwa wa kwanza kuandikisha jina. Kwa kuwa waliobaki walitosha kwenye majengo matatu, kamati ikapitisha A, B na C, na D likawekwa kando. Mama Tupokigwe alihamishiwa B. Mwezi wa tisa mashine za kumimina kuta zililetwa, zikazunguka juu ya kilima usiku na mchana kama nyigu wanaojenga. Kabla ya Krismasi watu walikuwa wanapandisha magodoro.

Sekela alipata kazi kwa mtu mmoja aliyechora ramani za uzio na vyoo vya nje. Mshahara ulikuwa mdogo na kazi nyepesi. Jioni alipita njia ya kilimani, akaona taa kwenye madirisha, na kando yake ile sehemu ya nyasi iliyobaki tupu. Alijiambia kwamba mambo yalikuwa yameishia mahali pazuri kuliko alivyotarajia: waliotaka walihama, waliokataa walikataa kwa macho yao wenyewe, na jengo lililoweza kuanguka halikujengwa. Aliliamini jambo hilo kwa miezi mitatu.

Tarehe kumi na mbili Machi, Mto Nsalu ulipanda saa tisa alasiri, watoto wakitoka shule. Ulipanda haraka kuliko mwaka wowote uliokuwa ukutani kwa Mama Tupokigwe. Walikufa watu tisa kutoka nyumba tano, na zote tano zilikuwa miongoni mwa zile sabini na tano. Mmoja wao alikuwa Subilaga, mke wa Lwitiko, aliyewapandisha watoto wote wawili darini kisha akarudi kumchukua kikongwe wa jirani.

Sekela alisikia redioni, kazini. Aliendelea kuchora uzio mpaka mstari ukafika pembeni mwa karatasi, akaweka kalamu chini.

Alikwenda makaburini. Alisimama nyuma kabisa, karibu na miti ya mikaratusi, akijua kwamba yeyote angeweza kugeuka na kumfukuza. Hakuna aliyemfukuza. Lwitiko alipita karibu naye akiwa amewashika watoto mikono, akamwangalia, akasema, "Asante kwa kuja," kama alivyowaambia wengine wote. Sekela angependelea afukuzwe.

*

Mwezi wa tano, Jumamosi asubuhi, Mama Tupokigwe alibisha hodi nyumbani kwake. Hawakuwa wameongea tangu siku ya kikao. Alikataa chai, akakubali kiti.

"Familia zilizobaki kule chini ni sitini na nane," alisema. "Wengine wamehama mji. Wanataka D lirudishwe kwenye kamati, lakini wanabishana. Mmoja anasema lazima litaanguka, mwingine anasema halianguki kabisa, ulikuwa uongo wa watu wa kilimani. Kila mmoja anakutaja wewe, na kila mmoja anasema ulisema jambo tofauti. Nataka uje uwaeleze tena."

"Mama, mara mbili nimewaeleza watu. Mara mbili wamekufa."

"Najua. Mara ya kwanza alikufa dada yangu."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni.

"Siku ile ulisema kweli," mama aliendelea. "Lakini ulisema kama mtu anayetua mzigo. Ukautua, ukapumua, sisi tukabaki nao hatujui hata pa kuushikia. Mimi nimefua nguo za wagonjwa miaka thelathini, hiyo elfu yako sijawahi kuiona. Elfu ni nini? Thelathini na saba nazijua. Ni watu wa kwenye harusi ndogo."

Sekela alimsikiliza. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, si kwenye tume, si kwenye ripoti. Huko swali lilikuwa siku zote kama alipaswa kusema au kunyamaza. Sekela akasimama, akaingia jikoni, akatoka na debe la mahindi, kibaba cha maharage mekundu na masinia mawili.

"Nisaidie kuhesabu," alisema.

Walihesabu sakafuni, juu ya mkeka, vichwa vikikaribiana. Sinia la kwanza, punje mia tisa sitini na tatu za mahindi na maharage thelathini na saba. Sinia la pili, maharage mia tisa tisini na moja na punje tisa za mahindi. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima. Katikati yake Sekela alisema, bila kuinua macho, "Nilitaka kukuomba msamaha, mama, na sijui nianzie wapi."

"Usianze sasa, utanipoteza. Nimefika mia nne na kumi."

Jioni ya Jumapili watu wa bondeni walikutana katika darasa la shule ya msingi, mmoja au wawili kutoka kila nyumba. Sekela aliweka masinia juu ya dawati la mwalimu. Aliongea kidogo sana. Alieleza kwamba kila punje ni miaka arobaini mizima. Kwamba hindi ni maisha ambayo Jengo D limesimama, au bonde halikuua mtu. Kwamba harage ni yale mengine. Sinia hili ni D. Sinia hili ni hapa tulipo. Mtu afumbe macho, achukue moja.

Hakuna aliyetaka kuanza. Mwishowe Lwitiko akatoka nyuma ya darasa. Alifumba macho, akaingiza mkono katika sinia la kwanza, akatoa hindi. Akalirudisha, akachanganya, akatoa tena. Hindi. Alifanya hivyo mara kumi na mbili, bila mtu kumwambia aache, na mara zote alitoa hindi. Mara ya kumi na tatu akatoa harage. Aliliangalia kwenye kiganja kwa muda, akalirudisha.

Kisha akageukia sinia la pili. Hakufumba macho. Alichota kwa mkono mzima, akafungua vidole, maharage matupu yakadondoka moja moja mpaka mkono ukawa mtupu.

"Ulisema thelathini na saba," alisema. Alikuwa anaongea na Sekela, lakini hakuwa anamtazama. "Nilisikia thelathini na saba. Sikujua ni chache hivi."

"Sikukuonyesha," Sekela alisema.

"Hapana. Hukunionyesha."

Mwanamke mmoja muuza viazi, jina lake Ngwilulupi, aliinua mkono kutoka dawati la pili. "Mimi nina swali. Harage la huku na harage la kule si sawa. Kule D tunakufa watu sitini siku moja, ukoo mzima. Huku tunakwenda mmoja mmoja, tunapata wa kutuzika. Hilo umelihesabu wapi?"

"Sijalihesabu," Sekela alijibu. "Mashine haina namna ya kulihesabu, na mimi sina. Hilo ni lako kupima."

Ngwilulupi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa chenji kamili.

Walikuja mezani mmoja mmoja. Wengine walichota mara moja, wengine mara nyingi. Mzee mmoja alizigawa punje kwa kidole na kuzihesabu zote mpaka akatosheka kwamba hakuna udanganyifu. Hakuna aliyeharakishwa. Mpaka giza linaingia, familia sitini na nne zilikuwa zimetia sahihi kwenye ombi la kurudisha Jengo D, na Lwitiko alikuwa wa mwisho kati yao. Aliandika jina lake, akaandika ya watoto wawili chini yake, ingawa fomu haikuuliza majina ya watoto.

Familia nne zilikataa, Ngwilulupi akiwemo. Sekela hakubishana nao. Alichukua karatasi nyingine, na kwa ule mwandiko wake akaandika majina yao manne, na pembeni ya kila jina: ameona, ameelewa, amekataa. Aliwasomea kwa sauti. Wakasema ndivyo hasa, wakatia sahihi nao.

Watu walipotoka, Mama Tupokigwe aliinua sinia la kwanza, akalimimina ndani ya ndoo yake. Kisha akainua la pili akalimimina juu yake, na kukoroga kwa mkono.

"Mama," Sekela alisema, "nilidhani tungeyatunza. Kamati wakitaka kuona."

"Kamati tutawahesabia mengine." Mama Tupokigwe alijitwika ndoo kichwani, akaishika kwa mkono mmoja. "Kule kwa Lwitiko kuna watoto wawili hawana mama wa kuwapikia makande. Zima taa, tuondoke."